Friza Kati ya Milango Miwili

Kwa wiki tisa niliishi ua mmoja na mama mkwe wangu hapa Mbale, na kama ungeniuliza sura yake ikoje ningekueleza kandambili zake. Zilikuwa za bluu, ya kushoto imeshonwa kwa waya. Hizo ndizo nilizoruhusiwa kuona, chini ya pazia, nikipita na spana mkononi na macho yangu ardhini kama mtu aliyeangusha sindano.

Asiyetoka pande hizi atadhani tuligombana. Hatukugombana. Kwa Wasoga, watu wa mke wangu, na hata kwetu upande wa Kenya nilikozaliwa, mwanamume na mama wa mkewe hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawapeani kitu mkono kwa mkono. Ukitaka kumpa chumvi, unaiweka chini, unaondoka, halafu yeye anakuja kuiokota. Ndiyo heshima yenyewe. Ukiivunja, kuna ugonjwa wake: mikono inaanza kutetemeka mpaka kikombe cha chai hakishikiki. Wasoga huuita obuko, na kila ukoo una mzee mmoja anayesemwa kwamba aliwahi kukaa kiti kimoja na mkwewe. Mimi ni fundi wa mafriji. Najua mambo ya gesi na kompresa, najihesabu mtu wa kisasa. Lakini kiti alichokalia mama mkwe sijawahi kukikalia, na sina mpango.

Alikuja kwa sababu ya jino. Maisha yake yote ameuza samaki Masese, kule Jinja, na haamini kwamba mtu aliyevaa koti jeupe anaweza kujua mdomo wake kuliko yeye. Jino lilipoanza kumsumbua alilitibu kwa karafuu, kwa chumvi, kwa tumbaku, na mwisho kwa matusi. Usaha ukaingia kwenye taya. Na kwa kuwa ana ugonjwa wa sukari, ambao nao alikuwa akiutibu kwa kuudharau, hali ikawa mbaya. Mke wangu, ambaye ni mwalimu na ndiye binti yake wa pekee, alimfuata Jinja, akamleta hospitali hapa Mbale. Walimpasua, wakamsafisha, wakamshona. Mdomo ukawa unafunguka upana wa kidole kimoja tu.

Siku alipotoka wodini, daktari alimwambia mke wangu maneno ambayo alikuja kunisimulia mlangoni huku analia. Kidonda cha mtu wa sukari kinafungwa na chakula. Asipokula hakitafunga, na kisipofunga watampasua tena, na safari hiyo watatoa mfupa wa taya. Kwa umri wake, daktari alisema, hapendi hata kuifikiria safari hiyo.

Swali la kwanza katika familia, hata hivyo, halikuwa atakula nini. Lilikuwa atalala wapi. Shangazi wa mke wangu, dada wa marehemu baba yake, ndiye mlinzi wa ndoa yetu, kazi aliyokabidhiwa siku ya harusi na ambayo hajaipumzikia hata siku moja. Alipiga simu kutoka Jinja, akasema mama hawezi kulala chini ya bati la mkwewe. Nikamtajia chumba kitupu cha kupanga kilichokuwa ng'ambo ya baraza, akauliza kama bati lake linaungana na letu. Nilipanda ngazi nikaenda kuangalia. Haliungani. Basi mama mwenye nyumba wetu, mjane wa Kinubi asiye na maneno mengi, akatupa chumba hicho, kinachotazamana na chetu, baraza likiwa katikati. Tukatundika pazia. Mimi nikaamriwa nikohoe kila ninapotaka kutoka, ili mama apate kujifunika leso au kuingia ndani. Nilikohoa wiki tisa. Wateja wangu wakaanza kuniletea majani ya mwarubaini.

Nikisahau kukohoa nilikamatwa. Mama mkwe hajui Kiswahili, isipokuwa kile alichojifunza akiwa msichana, miaka ya wanajeshi, alipokuwa akipita geti la kambi ya Kimaka na beseni la samaki kichwani. Kwa hiyo Kiswahili chake chote ni amri. Ningetoa mguu mmoja nje, sauti inatoka nyuma ya pazia: "Simama! Nani iko hapo?" Nami, mtu mzima mwenye watoto wawili sekondari, nasimama na mikono juu bila kuambiwa.

Ila kula, hakula. Uji wa moto ulimchoma mishono. Uji wa baridi alisema ni wa wafungwa. Maziwa kwa mrija alisema mwanamke wa umri wake hanyonyi. Mke wangu alikuwa anaingia na bakuli limejaa na anatoka nalo limejaa, na kila siku aliniletea habari za mwili wa mama yake: leo mifupa ya mabega imetokeza, leo pete imemtoka kidoleni yenyewe. Wiki moja ikapita hivyo.

Kwenye baraza, kati ya milango miwili, palikuwa na friza kubwa la kulala. Lilikuwa la mwenye bucha mmoja wa Namatala aliyeniletea nilitengeneze kisha akahamia kwingine bila kuaga. Nikimaliza kazi ya friza nina desturi ya kulijaribu kwa vifuko vya maji, vile vyembamba vya plastiki vinavyotumiwa kuuzia watoto barafu. Siku hiyo jua lilikuwa kali nikajaribu kwa pasheni badala ya maji. Mke wangu akachukua kifuko kimoja bila kuniuliza, akaingia nacho nyuma ya pazia. Alitoka na plastiki tupu.

"Amemaliza," akasema, kama mtu asiyeamini macho yake. "Anataka ingine."

Alikula vinne. Nilicheza hapo hapo barazani, nikasahau kukohoa, nikakamatwa.

Kesho yake, walipokwenda hospitali kusafisha kidonda, muuguzi alimchoma kidole kupima sukari, akaitazama ile mashine, akamtazama mke wangu. "Mmemlisha nini huyu mama?" Ukweli ni kwamba ile juisi nilikuwa nimeitia sukari kama inavyotiwa kwetu, kijiko kikisimama chenyewe. Mke wangu alirudi nyumbani na uso wa mwalimu, akachukua kopo la sukari, akalihamishia chumbani kwa mama mwenye nyumba na kufuli juu. Tangu siku hiyo nilikunywa chai chungu. Vifuko vya pasheni vilivyobaki niliambiwa nivitupe. Sikuvitupa. Nilivisukuma chini kabisa, chini ya barafu la zamani, kwa sababu kwangu mimi kutupa kitu kilichokwisha kuganda ni dhambi.

Muuguzi aliandika karatasi, nasi tukaibandika juu ya friza kwa utepe wa umeme. Mboga, maziwa, karanga, matunda kidogo. Na chini kabisa: akimeza dawa ya sukari bila kula, sukari itashuka, atatokwa jasho, atatetemeka, ataongea ovyo. Apewe kitu kitamu upesi.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba baridi naijua lakini chakula sikijui. Kwa miaka ishirini nimewaambia watu friza ni kama moyo na kompresa ndiyo mapigo yake, na sikuwahi kujiuliza karoti ikiganda inakuwaje. Inakuwa jiwe lenye nywele. Zile nyuzi zake zilinasa kwenye mishono, na maneno yaliyotoka nyuma ya pazia siku hiyo sikuyaelewa yote kwa sababu Kisoga changu ni cha sokoni, lakini mke wangu alitoka amejiziba mdomo kwa kicheko.

Nikaanza kujifunza. Juisi tupu ikiganda inakata kama kioo, kwa hiyo lazima kuwe na nyama ya tunda ndani, na mafuta kidogo. Ovakado ni mfalme: ukiisaga na tango, maziwa na ndimu, ikiganda inabaki laini, unaibana kwenye kifuko inatoka kama dawa ya meno. Boga lichemshwe na maganda yake ili lisinywe maji, lipondwe, lichujwe kwa kitambaa, litiwe maziwa na tangawizi. Papai ni tamu, kwa hiyo ni kidogo tu, lipotee ndani ya karoti iliyochemshwa mpaka ikakata tamaa. Usijaze kifuko mpaka juu, maji yakiganda yanavimba. Usifunge kingali moto. Haya yote kila muuza barafu wa mtaani anayajua, lakini mimi niliyagundua upya kwa jasho langu, na nilitembea mjini nikijiona mvumbuzi.

Dodo, mchicha wetu wa huku, niliuchanganya na karanga nikidhani nimefanya jambo. Rangi yake sitaki kuikumbuka. Mama mkwe alikigeuza kifuko, akakitazama kwenye mwanga, akamwuliza binti yake: "Hii nani alishaila kabla yangu?"

Halafu kulikuwa na bitiruti. Nilisoma mahali kwamba inaongeza damu, na mtu aliyepasuliwa si anahitaji damu? Niliichemsha, nikaisaga na mtindi, ikaganda vizuri, rangi ya kupendeza ya gauni la msimamizi wa harusi. Mke wangu akampa, akaenda kuanika nguo. Aliporudi, mama yake alikuwa amekaa kitandani ametulia, na kuanzia mdomoni hadi kwenye leso ni wekundu mtupu. Mke wangu alipiga yowe. Mama kusikia yowe akajitazama, naye akapiga lake, mdomo ukifunguka kuliko ilivyoruhusiwa. Mimi nikakohoa na kukimbia kwa wakati mmoja, nikaita boda mbili. Wakafika hospitali, muuguzi akamfuta kwa pamba, akanusa ile pamba, akauliza, "Mtindi?" Mishono ilikuwa salama. Mama mkwe alirudi akiwa amenyooka juu ya boda kama bibi arusi, na kwa siku mbili hakuna aliyemsemesha.

Jambo moja ilikuwa lazima lifichwe. Mama alijua barafu zile zinatengenezwa na binti yake. Mke wangu aliniambia mapema: akijua zimetoka mikononi mwako, anaacha kula, na akiacha kula unajua daktari alisema nini. Nilikubali. Lakini naomba nieleweke, haikuwa rahisi. Mke wangu alikuwa akiondoka asubuhi kwenda shuleni, mimi nabaki kumenya na kuchemsha, blenda naiwasha akisharudi, na jioni nakaa upande wangu wa baraza kusikiliza sifa za mtu mwingine.

"Mwanangu, hii ya boga leo umeipatia," mama angesema. "Mikono yako ni ya nyanya yako."

"Asante, mama."

"Na mume wako? Yeye kazi yake kugonga vyuma tu kutwa nzima?"

"Anagonga vyuma, mama."

"Na anakula sawasawa?"

"Anakula sana, mama."

Nilikuwa nauma taulo. Mke wangu akija ndani namwuliza, hukuweza hata kusema nilikuoshea maboga? Anacheka mpaka anakaa chini. Hata hivyo, alikuwa ananihesabia vifuko vilivyoliwa, na siku vilipofika saba alinishika mashavu mawili mbele ya kompresa, akasema kidonda kimeanza kuwa cha rangi ya nyama. Ilinitosha. Karibu initoshe.

Wiki ya sita upepo uliezua bati la nyumba ya mama huko Masese, mvua ikaingia. Mke wangu ikabidi aende Jinja kusimamia mafundi, siku mbili, akasema. Alijaza friza, akamwomba mama mwenye nyumba awe anampa mama dawa na kumwandalia barafu, akaniacha na maagizo ya kutoonekana. Siku mbili zikawa nne. Vifuko vikaisha siku ya pili, maana mama sasa alikuwa amezoea. Sikuwa na la kufanya. Alhamisi mchana, nikidhani amelala, nikawasha blenda.

Hakuwa amelala. Alimwita mama mwenye nyumba akamwuliza ni nani anayesaga, na binti yake yuko Jinja? Yule mjane wa Kinubi huswali mara tano, hasemi uwongo. Alijibu kwamba ni mkwe wako, na ndiye aliyekuwa akisaga tangu siku ya kwanza.

Mimi nilikuwa upande wangu nimeshika kifuniko cha blenda. Nilisubiri atukane. Nilisikia kandambili zikivutwa hadi kitandani, basi.

Jioni ile hakula. Niliviweka vifuko kwenye friza, vya ovakado, anavyovipenda, nikakohoa, nikajificha. Hakuna aliyefungua. Ijumaa asubuhi mama mwenye nyumba alimpa dawa akameza, akampelekea kifuko akakiweka pembeni. Mimi nikakasirika. Nasema wazi kwa sababu ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo. Nilikasirika kama mtoto. Nilijiambia, asile basi. Nimemchujia karoti kwa kitambaa cha shati langu la Krismasi, na leo mikono yangu imekuwa sumu? Nikaenda zangu kwenye kona ya ua iliyo karakana yangu, nikafungua kompresa ambayo haikuwa na ubaya wowote, nikawa naigonga. Mama mwenye nyumba aliondoka kwenda msikitini kuswali Ijumaa. Ua mzima tukabaki wawili, na mimi nagonga chuma kwa hasira.

Nilipopumzika kidogo ndipo nikasikia kitanda kinagonga ukuta. Mlio mdogo mdogo, wa haraka. Nikakohoa. Hakuna kitu. Nikasogea hadi barazani, nikaziona kandambili za bluu chini ya pazia zimelala kifudifudi, na katikati yake mguu mtupu unatetemeka.

"Mama?" nikaita.

"Obuko," sauti ikasema. Ilikuwa ndogo, imelowa. "Obuko umenikamata."

Macho yangu yakaenda kwenye karatasi iliyo juu ya friza. Jasho, kutetemeka, dawa bila kula. Nilimpigia simu mama mwenye nyumba, simu iko kimya msikitini. Nikatoka hadi barabarani, sikuona mwanamke hata mmoja, hata duka la karibu limefungwa, Ijumaa saa saba jua likiwaka. Nikarudi nikatafuta sukari, nikakumbuka sukari iko nyuma ya kufuli. Ovakado hazina sukari, boga halina sukari, nilikuwa nimehakikisha mimi mwenyewe kwa juhudi zote kwamba ndani ya friza lile hakuna kitu kinachoweza kumsaidia mtu huyu. Kisha nikakumbuka zile pasheni. Nilipindua kila kitu, nikavunja barafu la chini kwa bisibisi, nikavipata vitatu, vigumu kama misumari.

Nikasimama mbele ya pazia. Nikakohoa, fikiria, bado nilikohoa. Halafu nikaingia.

Alikuwa mdogo. Sauti ile yote, na mwenyewe anaenea kwenye mkunjo wa kiwiko changu. Niligeuza uso ukutani, nikapiga magoti, nikagonga kifuko kwa koleo kwenye sakafu mpaka kikawa chembechembe, nikawa napapasa kutafuta mdomo wake bila kutazama. Nikampaka pasheni sikioni. Nikampaka puani. Basi nikageuka nikamtazama mama mkwe wangu usoni. Macho yake ni ya mke wangu, yale yale, ila yalikuwa yanatafuta kitu darini. Na meno yamebanwa.

"Fungua mdomo!" nikasema. Hakufungua. Kisoga kilinitoka kichwani chote. "Fungua! Kula! Kula sasa hivi!"

Nilipiga kelele hasa, Kiswahili cha geti la kambi. Na akafungua upesi, kama mtu aliyewahi kuamriwa hivyo na kujua kinachofuata asipotii. Niliona aibu ambayo sijui hata leo niipeleke wapi. Lakini niliitumia. Nilimtia chembe moja moja kwa vidole kwenye ule upenyo, nasubiri ameze, natia nyingine. Kifuko cha kwanza. Cha pili. Vidole vyangu vikafa ganzi. Nilimshikilia kichwa kwa mkono wa pili, na leso ilikuwa imeanguka, na nywele zake zilikuwa nyeupe zote, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Kwenye kifuko cha tatu kutetemeka kukapungua. Kisha kukaisha. Macho yakashuka kutoka darini, yakazunguka chumba, yakafika kwangu. Tulitazamana, mimi na yeye, labda kwa muda wa kumeza mara mbili. Akainua mkono, akaivuta leso, akajifunika mpaka kidevuni.

"Toka," akasema, kwa Kiswahili.

Nilitoka. Mama mwenye nyumba alirudi akanikuta nimekaa chini barazani nimeegemea friza. Nilimweleza yote. Aliingia ndani, akakaa huko sana, kisha akaniletea chai, tena ya sukari. Sikuweza kuishika. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, chai inamwagika kwenye suruali. Nikijua kabisa kwamba ni baridi na ni woga, mimi fundi, mtu wa kisasa, niliitazama ile mikono nikahesabu miaka iliyobaki ya kushika spana.

Kidonda kilikuja kufunga, nalisema hapa nisikuweke roho juu. Mfupa haukuguswa. Alirudi Masese kwa miguu yake, chini ya bati jipya, akiwa amejifunika na mimi nimejificha nyuma ya friji la mteja. Lakini kwangu mimi kupona kwake kulianza Jumamosi, kesho yake.

Mke wangu alirudi asubuhi, akaelezwa, akanitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa, akaenda kwa mama yake. Tangu pasheni ile, mama hakuwa amekubali chochote ila maziwa vijiko viwili. Mke wangu alimpelekea cha ovakado, nikasikia kimewekwa juu ya meza. Mimi nilikuwa upande wangu, sijashika kazi. Nilijua akikataa sasa amekataa moja kwa moja, na tutarudi kwa daktari na habari hiyo.

Ndipo shangazi akapiga simu kutoka Jinja. Mama mkwe hasikii vizuri kwenye simu, kwa hiyo simu yake siku zote iko kwenye kipaza sauti na ua mzima hupata habari. Shangazi alikuwa amesikia kwamba mama aliugua jana. Hakuuliza amepona vipi.

"Na nani alikuwa hapo?" akauliza. "Binti yako alikuwa huku kwetu."

"Mama mwenye nyumba," mama akajibu.

"Ijumaa saa saba? Mnubi? Si alikuwa msikitini?" Shangazi angefaa sana kuwa polisi. "Nijibu vizuri. Mkwe wako alikugusa?"

Nilisimama. Mama mwenye nyumba, aliyekuwa akichambua mchele uani, aliacha kuchambua. Sote tulikuwa tunamjua mama yule, hafichi jambo wala hamwonei mtu haya. Alishawahi kumsema dada yake mbele ya kanisa kwa sababu ya kisu kilichoazimwa.

"Mkwe?" mama akasema, kwa sauti kubwa, ya sokoni. "Mkwe yupi? Tangu nije hapa Mbale mimi sijamwona mkwe wangu hata kivuli. Nasikia tu anakohoa. Kama hana kifua kikuu sijui. Nilikula mwenyewe, kwa mkono wangu, na sasa nataka kula, unanichelewesha."

Akakata simu.

Nilikaa chini pale pale nilipokuwa nimesimama. Nililia, na sikujiziba kwa taulo. Upande wa pili nilisikia plastiki inang'atwa, kisha ule mlio wa kufyonza, taratibu, kwa mtu mwenye mdomo wa upana wa kidole kimoja. Alikula mpaka mwisho. Halafu akageukia upande wangu, najua aligeuka kwa sababu sauti ilikuja moja kwa moja.

"Kesho ya boga," akasema kwa Kisoga, polepole, kama anavyosemeshwa mtu asiyeijua lugha vizuri. "Na tangawizi ipungue. Tangu siku ya kwanza imekuwa nyingi, nilikuwa namwonea haya binti yangu."